Nani Aliufundisha Mtambo Kwamba "Ndia" ni Kosa?

Kila muhula unapokaribia kuanza, mimi na wenzangu tunaofundisha lugha katika vyuo vya ng'ambo hupokea mwaliko wa warsha. Jina la warsha hubadilika: mwaka mmoja ni ufundishaji wa kidijitali, mwaka wa pili ni darasa mseto, na siku hizi ni akili unde. Kisichobadilika ni dhana iliyo nyuma ya mwaliko, kwamba kuna chombo kipya kilicho tayari na kuna mwalimu ambaye hayuko tayari. Chombo hakina la kujifunza. Mwenye upungufu ni mwalimu. Insha hii inaipinga dhana hiyo. Inawapinga pia wale wenzangu wanaodhani kwamba dawa yake ni kurudi kwenye chaki na kuufunga mlango. Nitaanza na kosa nililolitenda mwenyewe, kwa kuwa sioni haki ya kuwanyooshea wengine kidole kabla ya kulisema langu.

Machi 2020, vyuo vilipofunga milango yake kwa sababu ya UVIKO-19, tulihamia mtandaoni katika muda wa siku chache. Chuo nilichokuwa nikifundisha kilituandalia warsha ya saa 15. Nilihudhuria zote na nikapewa cheti. Nilijifunza kupakia video, kuwagawa wanafunzi katika vyumba vidogo vya mazungumzo, na kutunga jaribio linalojisahihisha lenyewe. Hili la mwisho ndilo lililonivutia zaidi. Mwalimu wa Kiswahili ng'ambo mara nyingi ndiye idara nzima: hufundisha mwaka wa kwanza hadi wa tatu, hutafuta wanafunzi, huandika barua za kuwaombea ufadhili, na hupika pilau siku ya tamasha la lugha. Jaribio lisilohitaji kalamu nyekundu lilikuwa kwangu sawa na kuongezewa siku katika juma.

Nikatunga jaribio la maswali 20 ya msamiati. Kila swali lilikuwa na picha na sentensi yenye pengo, na mwanafunzi alitakiwa kulijaza kwa neno moja. Kwa kila swali niliandika jibu moja. Nikabofya kitufe, mtambo ukaichukua kazi, nami nikageukia mambo mengine.

Katika darasa hilo mlikuwa na msichana aliyelelewa na nyanyake, mzaliwa wa Mombasa. Alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kujifunza kusoma kile alichokuwa akikisikia jikoni tangu utotoni. Katika jaribio la kwanza alipata 11 kati ya 20. Katika lililofuata alipata 10. Sikushtuka. Niliyatazama matokeo katika jedwali la rangi ambalo mtambo hunichorea, nikaona jina lake limeangukia sehemu ya manjano, nikamtumia ujumbe uliopendekezwa na mtambo wenyewe, wa kumtia moyo aongeze bidii. Wiki ya tano alijiondoa katika somo. Aliniandikia mistari miwili ya kuaga, na mmoja ninaukumbuka neno kwa neno: "Mwalimu, nyanyangu hupika mtele kila siku, lakini mtambo wasema hakuna kitu kama hicho."

Ndipo nilipoyafungua majibu yake na kuyasoma kwa mara ya kwanza. Kati ya majibu 9 yaliyokataliwa katika jaribio la kwanza, 7 yalikuwa Kimvita: ndia, mtele, mato, nti, mtanga na mengine ya jinsi hiyo, mahali ambapo mimi niliandika njia, mchele, macho, nchi na mchanga. Jibu la nane lilikuwa sahihi hata kwa kipimo changu, ila aliliwekea nukta mwishoni, nao mtambo ukaihesabu nukta kuwa sehemu ya neno. Lililokuwa kosa kweli ni moja tu. Kwa mwalimu anayesoma kwa macho yake, msichana yule alikuwa na 19.

Nilimwandikia kumtaka radhi. Alinijibu kwa adabu, lakini hakurudi.

Ingekuwa rahisi kuulaumu mtambo, na wapo watakaotaka niishie hapo. Lakini nilipourejea kwa utulivu niligundua jambo lililoniaibisha zaidi. Chini ya kila swali palikuwa na nafasi ya kuongeza majibu mengine yanayokubalika. Pembeni mwa kila jibu palikuwa na nafasi ya kuamua lipewe alama ngapi, na chini yake pengine pa kuandika maelezo atakayoyaona mwanafunzi. Ningeweza kuandika: "Sahihi katika Kimvita. Katika Kiswahili sanifu tunaandika njia." Kwa jaribio zima ingenichukua nusu saa. Katika zile saa 15 za warsha hapakuwa na aliyetuonyesha nafasi hizo, nami, mwenye shahada ya uzamivu, sikuuliza. Nilifundishwa jinsi ya kumwachia mtambo kazi. Sikufundishwa kujua ni kazi gani hasa niliyokuwa nikimwachia.

Hili ndilo ninalotaka kulisema, na mengine yote katika insha hii ni ushahidi wake. Kila chombo cha kufundishia kimebeba ndani yake uamuzi ambao hapo awali ulikuwa wa mwalimu. Kujifunza chombo ni kujua uamuzi huo umejificha wapi, umefanywa na nani, na unarudishwaje mikononi mwa mwalimu. Anayejua vitufe vyote lakini hajui hayo bado hajajifunza teknolojia. Ameajiriwa nayo bila mshahara.

Najua pingamizi litakalotolewa kwanza, kwa sababu mimi mwenyewe nililitoa. Litasema kwamba tunafundisha Kiswahili sanifu, na mwanafunzi aliyelipa ada ana haki ya kufundishwa lugha inayotumika katika vitabu, mitihani na ofisi. Nakubali. Mimi ni mtu wa bara, Kiswahili changu ni cha shule, na sina nia ya kuuvunja usanifu ulionilea. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mwanafunzi kwamba neno lake si sanifu na kumwambia kwamba neno lake si neno. Mwalimu hodari huipitia tofauti hiyo mara kumi kwa siku pasipo kutambua: hutabasamu, huuliza neno limetoka wapi, hulikubali, kisha huonyesha umbo la kitabuni. Jaribio langu halikuwa na tabasamu wala swali. Lilikuwa na alama ya msalaba mwekundu.

Tena inafaa tukumbuke usanifu wenyewe ulivyokuja. Mkutano uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika Mombasa, katika mji uleule ambao lahaja yake iliwekwa kando. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ili kusimamia vitabu na tahajia. Watu wa Mombasa walilalamika wakati ule, na wataalamu wao wameendelea kulalamika hadi leo, kwa makala, kwa mashairi na kwa vitabu. Uamuzi ule ulikuwa na wenyewe. Kulikuwa na kamati yenye majina, yenye anwani, yenye kumbukumbu za vikao ambazo mtafiti anaweza kuzisoma na kuzipinga. Jaribio linalojisahihisha lenyewe hulitekeleza agizo la 1928 kwa ukali ambao kamati ile haikuwahi kuwa nao, wala halina mwenyekiti wa kuandikiwa barua. Mwalimu ndiye pekee aliyebaki wa kuulizwa. Naye yuko warshani, akijifunza kitufe kingine.

Nisieleweke vibaya kwamba tatizo ni la majaribio peke yake. Tazama vyombo vingine ambavyo tunahimizwa kuvileta darasani.

Chukua mitambo ya tafsiri. Kiswahili hakina kiwakilishi cha kike na cha kiume. Anayesema "amekuja" hajatuambia kama ni bwana au bibi. Kiingereza humlazimisha mfasiri achague. Kwa miaka mingi mitambo imekuwa ikichagua kwa mazoea ya matini iliyolishwa, ikimfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, hata pale ambapo sentensi ya Kiswahili haikutamka lolote. Au chukua saa. "Saa mbili asubuhi" ni saa ambayo Mwingereza huiita ya nane. Mtambo unaofasiri neno kwa neno humwamsha mgeni katikati ya usiku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuyaona makosa haya, kwa sababu tafsiri anayopewa imenyooka na haina kasoro ya sarufi. Anayeweza kuyaona ni mwalimu. Lakini katika warsha zote nilizohudhuria, mitambo ya tafsiri ilizungumzwa kwa njia mbili tu: jinsi ya kuitumia kuokoa muda, na jinsi ya kuwazuia wanafunzi wasiitumie. Haikuzungumzwa hata mara moja kama matini ya kusomwa kwa jicho la uhakiki, kazi ambayo sisi watu wa fasihi na isimu tumesomea miaka yote.

Chukua tena programu za kusahihisha tahajia. Kitenzi kimoja cha Kiswahili, tuseme "hawatakuandikia", kimebeba ukanushi, nafsi ya mtenda, njeo, nafsi ya mtendewa, mzizi, mnyambuliko na kiishio. Maumbo yanayoweza kuundwa kutokana na mzizi mmoja ni mengi mno kuorodheshwa, kwa hiyo programu iliyojengwa juu ya orodha ya maneno lazima itapiga mstari mwekundu chini ya Kiswahili safi. Jambo hili lilijulikana mapema. Tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijishughulisha kuunda kichanganuzi kinachofuata kanuni za mofolojia badala ya orodha, na mwaka 2004 wataalamu waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili. Kazi hizo zinatufundisha kwamba ubora wa chombo hutokana na ujuzi wa sarufi, yaani ujuzi tulio nao sisi. Hata hivyo mwalimu wa Kiswahili anapoona mstari mwekundu chini ya neno lake, mara nyingi hujishuku yeye kabla ya kuushuku mstari. Nimewaona wenzangu wakibadilisha sentensi nzuri ili mstari uondoke. Nami nimefanya hivyo.

La mwisho ni vitambuzi vya maandishi ya akili unde, ambavyo vyuo vilivikimbilia kwa hofu. Kampuni ya OpenAI ilitoa kitambuzi chake Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi wake mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vitambuzi kadhaa viliyashuku kupita kiasi maandishi ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ikiwa hali ni hiyo kwa Kiingereza, lugha yenye matini nyingi kuliko zote mtandaoni, mwalimu anayemshtaki mwanafunzi wa Kiswahili kwa ushahidi wa kitambuzi anasimama juu ya mchanga. Anayekijua chombo angelijua hilo. Anayejua kitufe tu hujua asilimia iliyoonyeshwa kwenye kioo.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa maana uko upande wa pili, na una heshima kubwa miongoni mwetu. Ni upande wa wale wasemao kwamba lugha hufundishwa kwa mdomo na sikio, kwamba mashine ni adui wa utu, kwamba wao wamefundisha miaka 30 bila hayo na wanafunzi wao wanazungumza. Ninawaheshimu, baadhi yao ni walimu wangu. Lakini kukataa kwao hakujamlinda mwanafunzi hata mmoja. Mwanafunzi hukitumia chombo hicho nje ya darasa, usiku, peke yake, bila mtu wa kumwambia kinapokosea. Duolingo ilianza kufundisha Kiswahili mwaka 2017. Mtu anayeingia darasa la kwanza leo huenda tayari ana miezi sita ya mazoezi kwenye simu. Mwalimu asemaye "mimi sivijui hivyo" hajakikataa chombo. Amekiachia mwanafunzi, naye amekwenda zake.

Kuna na njia ya tatu ya kukwepa, na hii ni yetu hasa sisi wapenzi wa Kiswahili. Ni kuipa mashine jina na kudhani tumeitawala. Tumebishana kama ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Tumeshinda vita ya kishikwambi. Sasa tuna mjadala mkali wa akili unde na akili mnemba, na nimeusoma mjadala huo kwa furaha, kwa sababu istilahi ni kazi ya maana na lugha isiyojitungia maneno hudumaa. Lakini istilahi si ustadi. Mtu anaweza kuyajua majina yote ya viungo vya mwili na asiweze kutibu homa. Laiti nusu ya nguvu tuliyoitumia kujadili kifaa kiitweje tungaliitumia kuuliza kifaa hicho kinakubali nini na kinakataa nini katika lugha yetu, yule msichana wa Mombasa asingalijiondoa katika darasa langu.

Nikisema hivi huambiwa kwamba namtaka mwalimu wa lugha awe mhandisi. Sivyo. Namtaka awe kama Mwalimu Sikujua.

Kwa wasiomjua: Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikuwa mwanachuoni wa Mombasa katika karne ya 19. Mmishonari William Taylor alipokuwa akikusanya tungo za Muyaka bin Haji, ni Sikujua aliyemwandikia na kumfafanulia, na bila kazi yao sehemu kubwa ya diwani ya Muyaka, iliyochapishwa baadaye na William Hichens mwaka 1940, isingetufikia. Lakini ninamtaja hapa kwa sababu ya kalamu yake. Hati za Kiarabu zilikuwa teknolojia iliyokuja kutoka ng'ambo. Zilikuja bila herufi za sauti kadhaa za Kiswahili, zikiwa na irabu tatu kwa lugha yenye tano, wala hazikuwa na njia ya kutenga t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo katika Kimvita hugeuza maana. Waandishi wa pwani walikuwa wamejizoeza kuishi na upungufu huo kwa karne nyingi. Sikujua hakuridhika. Aliongeza alama, akazitenga sauti, akailazimisha kalamu ya kigeni isikie alichokuwa akikisikia yeye. Hakuikataa hati, wala hakuibadilisha lugha yake ili iendane nayo. Aliijua hati kiasi cha kuweza kuirekebisha.

Kazi hiyo haikufa naye. Mwalimu Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyeishi na kufundisha London, alitoa pamoja na Peter Frankl mwaka 1997 mapendekezo kamili ya kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa msingi wa Kimvita. Kisha Kevin Donnelly akaunda programu iitwayo Andika!, ambayo humwezesha mtu kuziandika hati hizo kwa kompyuta. Tazama mnyororo huo: mwanachuoni wa Mombasa, mwalimu wa ughaibuni, mtunga programu. Katika kila pete ya mnyororo, anayeijua lugha ndiye aliyekiambia chombo cha kufanya. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba matakwa yangu ni ndoto. Tumekwisha kuyafanya.

Tumeyafanya hata kwa vyombo visivyorekebishika kwa kalamu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio haijibu swali wala haimwoni msikilizaji. Lakini waliopanga kampeni ile hawakukigeuza chombo kuwa mwalimu. Watu walikaa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu cha kusomea, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilipaza sauti. Uamuzi ulibaki kikundini. Nusu karne baadaye tuna vyombo vinavyoweza kujibu, na tumewapa walimu wetu nafasi ndogo kuliko aliyokuwa nayo kiongozi wa kikundi kijijini.

Mwaka 2023 ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani ilikihoji chombo hiki katika kichwa chake: teknolojia ni nyenzo kwa masharti ya nani? Swali hilo ni zuri, lakini wenye kulijibu si UNESCO. Ni sisi, kila mmoja katika darasa lake, na kwa pamoja katika vyama vyetu. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

La kwanza, warsha isiyotueleza chombo kinaamua nini tusiihesabu kuwa mafunzo. Tuketi, tusikilize, kisha tuulize maswali ambayo mimi sikuyauliza mwaka 2020. Nani ameandika majibu yaliyomo? Jibu lisilotarajiwa linapelekwa wapi, kwenye sifuri au kwa mwalimu? Naweza kubadilisha nini, na ni nini ambacho siwezi? Mwezeshaji asiyeweza kujibu hayo hana sifa ya kunipa cheti.

La pili, kazi hii ilipwe na ihesabiwe. Mwalimu anayekaa nusu saa kuongeza majibu ya Kimvita, anayesahihisha tafsiri, anayerekodi sauti yake katika mradi wa Common Voice ili mitambo izoee Kiswahili kinavyotamkwa, au anayeshirikiana na watafiti wa Kiafrika walio katika mtandao wa Masakhane, anafanya kazi ya kitaaluma. Kwa sasa kamati za kupandisha vyeo hazina safu ya kuiandika. Mwaka 1994 mradi wa Kamusi, kamusi hai ya Kiswahili mtandaoni, ulianza katika Chuo Kikuu cha Yale ukitegemea sana michango ya watu wa kujitolea. Miaka 30 baadaye bado tunategemea moyo wa kujitolea kwa kazi ambayo mashirika yanafaidika nayo kwa fedha.

La tatu, tuache kufanya kazi hii kila mtu peke yake. Majaribio yaleyale ya familia, vyakula na njia za mjini yanatungwa upya kila muhula katika kila chuo, kila moja likiwa na jibu moja la shule. Vyama vya walimu wa Kiswahili vinaweza kuwa na hazina moja ya maswali iliyo wazi, yenye majibu ya sanifu na ya lahaja, na maelezo mafupi kwa kila jibu. Hakuna kampuni itakayotutengenezea hazina hiyo, kwa sababu hakuna kampuni inayojua kwamba inahitajika.

Mimi nimeanza na langu. Wiki ya kwanza ya muhula ninawauliza wanafunzi maneno ya nyumbani kwao kabla sijawapa ya kitabuni. Madarasa yetu ya ughaibuni si ya wageni watupu: ana nafasi humo mtoto wa Bukavu asemaye mutoto na mutu, na mtoto wa Barawa ambaye kisu kwao ni chisu. Maneno hayo huyaandika katika ile nafasi ya majibu mbadala, kila moja na maelezo yake, na mwanafunzi anayeandika umbo la nyumbani huambiwa lilikotoka na linavyoandikwa kitabuni. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba wanafunzi wasio na Kiswahili nyumbani ndio wanaoyasoma maelezo hayo kwa hamu kubwa zaidi. Wamegundua kwamba lugha hii ina vyumba vingi kuliko walivyoonyeshwa na simu zao.

Lile swali la njia bado limo katika jaribio langu, na ndia ni jibu lake la pili, kwa alama kamili. Aliyenifundisha kuliweka hakupata faida yake. Warsha ya muhula ujao imekwisha kutangazwa, na safari hii ni ya akili unde itakayotutungia majaribio na kuyasahihisha. Nitahudhuria. Nitaketi mbele, na nitauliza yale maswali matatu. Nawaomba wenzangu mliko, Muscat, London, Minneapolis na kwingineko, msiniache niyaulize peke yangu.